Mfuko wa Pumzi

Nilikuwa juu ya paa, nimelala kifudifudi, nashona tundu la wavu kwa uzi wa shaba, nilipomwona shangazi yangu akimpa mjukuu wake chaji kutoka kifuani mwake.

Wavu ule unafunika kambi nzima, nyumba kumi na nne pamoja na jiko, kama chandarua kinavyofunika kitanda. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya simu yasiingie. Nyani wakiukanyaga unachanika. Anayepanda kuushona ni mimi, kwa sababu mimi nina mapafu yangu ya kuzaliwa, na mtu wa mashine akipanda ngazi sita tu taa yake inageuka manjano.

Ilikuwa Jumapili ya wageni. Inakuja mara moja kila miezi mitatu. Mgeni anatakiwa kusimama hatua kumi nje ya seng'enge, aongee kwa sauti, aonyeshe mtoto aliyezaliwa, aondoke. Zamda, mjukuu wa shangazi, alikuwa ameisogelea seng'enge mpaka paji la uso limegusa waya. Mgongoni alikuwa na mtoto, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande kama kimevunjika.

"Bibi, simu imezima," alisema. "Wa pikipiki hawezi kujua kama nimemaliza. Na huyu anachemka, mshike uone."

Shangazi Asumini akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Juu hakuangalia. Watu huwa hawaangalii juu.

"Lete waya," akasema.

Akafungua vifungo viwili vya blauzi. Chini ya mtulinga, pale kwenye tundu tunapochomeka kila jioni, akachomeka waya wa simu ya Zamda uliopitishwa kwenye seng'enge. Simu ikawaka. Nilihesabu kimya, maana nimezoea kuhesabu: dakika tano na nusu. Zamda akapiga simu waya ukiwa bado kifuani mwa bibi yake. "Njoo mbio, kaka, mtoto ana degedege." Kisha shangazi akachomoa, akafuta tundu kwa ncha ya kanga, kama mtu aliyetoka kula.

"Nenda. Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuligonga kwenye bati, kambi yote ingetoka. Sikugonga. Nilitaka kuona jioni atajibu nini.

*

Watu wa mashine waliobaki ni arobaini na mmoja. Walichimba madini ya kinywe kwenye kilima kile kilicho nyuma yetu, vumbi likawala mapafu, na kampuni ikawapachika mashine za kupumulia vifuani. Halafu kampuni ikafungwa. Mashine zikabaki na programu yake ya zamani, mfumo wa nne, na huko nje sasa wako mfumo wa kumi na tatu. Mfumo mpya hauingii kwenye mashine ya zamani, ni kama kutaka kumimina gunia la mahindi kwenye kibaba. Kuitoa mashine haiwezekani, nyama imeshaikumbatia.

Mimi niliishia darasa la saba. Aliyenifundisha kazi hii ni marehemu fundi Kandulu, na hakutumia kitabu. Alikuwa ananikalisha chini, ananiuliza jambo moja siku tatu mfululizo mpaka niache kujibu haraka. Alisema mfumo wa zamani si mbovu. Unafanya kazi ileile uliyofanya siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba matundu yake yote yanajulikana, na huko nje wadudu wa kompyuta wanaoyajua wamo katika kila simu, kila redio, kila kadi ndogo ya nyimbo. Kwa hiyo usiuunganishe na kitu cha nje. Usiuongezee kitu, hata kizuri. Nakala safi ya mfumo uiweke pakavu. Na ukiwa na shaka na mashine, ioshe.

Kuosha ni kufuta kila kilichomo na kupanda upya nakala safi. Kunachukua dakika ishirini na mbili, na katika dakika hizo mashine haipumui. Mtu analazwa kwenye benchi, macho wazi, na mwenzake anampumulia kwa kuminya kwa mikono mfuko wa mpira unaofungwa kwenye tundu alilotobolewa kooni, mara kumi na sita kila dakika. Mifuko ilikuwa mitatu. Miwili ilipasuka. Benchi ni moja, nakala ni moja, mfuko ni mmoja.

Meza ya chaji nayo ni moja. Inaongea na kila kifua ili ijue ikipe chaji kiasi gani, kwa hiyo kilichoingia kwa mmoja kinaingia mezani, na kilichoingia mezani kinaingia kwa wote. Kambi ya Nandala walikuwa watu sitini. Mmoja aliazima chaja ya dereva wa lori. Wote sitini walizimika jioni moja kabla ya kula. Fundi Kandulu ndiye aliyekwenda. Aliniambia alikuta ugali mezani una alama za vidole.

Hakuna chombo cha kumpima mtu kama ameingiliwa. Kumpima ni kumchomeka, na kumchomeka ndiyo hatari yenyewe. Tulichonacho ni swali. Kila jioni saa kumi na moja wanapanga mstari, mimi nashika waya wa meza, namuuliza kila mmoja: umegusa nini leo? Anajibu: vya ndani tu. Ninamchomeka. Swali linaulizwa mara moja. Hapekuliwi mtu, habishiwi mtu. Neno lake ndiyo kufuli.

Anayesema amegusa cha nje haadhibiwi. Anaoshwa. Tangu fundi Kandulu afe, wameoshwa saba, na mfuko ulishikwa na shangazi kila mara, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti na ndiyo amri aliyoiweka: mfuko ni wa mwenyekiti, na haubadilishwi mikono katikati. Watatu waliamka.

Wa mwisho katika wanne ambao hawakuamka ni Shaweji, mume wangu. Aliokota kadi ya nyimbo njiani, akaipachika kwenye tundu lake asikie kwenye spika ya mashine kama bado inaimba. Jioni nilipomuuliza alicheka. "Leo nimegusa cha nje, mke wangu, na kilikuwa kitamu." Mstari mzima ukacheka naye. Dakika ya kumi na tano mikono ya shangazi ikachoka. Tulilia naye pamoja juu ya mkeka mmoja. Aliniambia, "Mwanangu, mikono ni nyama."

*

Saa kumi na moja walijipanga. Siku ya wageni huwa wanaongea sana, lakini siku ile mstari ulikuwa umetulia, na mimi nikadhani ni uchovu. Chande peke yake ndiye alikuwa anaongea.

"Mkwe wangu kaniletea suruali," alisema. "Kaishika hivi, hatua kumi, kama anamwonyesha ng'ombe majani. Nikamwambia basi rudi nayo, ukaivae wewe, mimi nishashiba kwa macho."

Wa mbele alikuwa shangazi, kama kila siku. Taa yake ilikuwa manjano iliyokolea kuliko ya wenzake. Akafungua vifungo vyake viwili.

"Shangazi, umegusa nini leo?"

"Vya ndani tu."

Alisema vizuri. Hakumeza mate. Ningekuwa sikupanda paa siku ile, ningechomeka.

"Shangazi. Umegusa nini leo?"

Mzee Mchinjita, makamu wake, aliyesimama wa pili, akanitolea macho. "We Somoe, unauliza mara mbili? Umeanza lini?"

"Nimesema vya ndani," shangazi akasema. "Au masikio yako yamejaa kutu kama huo wavu?"

"Nilikuwa juu ya wavu, shangazi. Tangu Zamda alipofika."

Hakuruka, hakupiga kelele. Mkono wake ukaenda kwenye vifungo, ukafunga kimoja, ukashindwa cha pili.

"Simu ilikuwa imekufa," akasema polepole. "Kilichokufa kitapitisha nini?"

"Ilikuwa imekufa ukaifufua. Akapiga, na waya uko kifuani kwako."

"Mtoto alikuwa anakufa, Somoe."

"Najua. Nilimwona."

Ndipo wakaanza wote kwa pamoja. Kuna aliyesema ni simu ya mjukuu, si ya mtu baki. Kuna aliyesema mwenyekiti achomekwe wa mwisho, Mungu atajua. Mzee Mchinjita akasema huyu ndiye aliyetutunza miaka yote, leo tumlaze benchi kama mwizi wa kuku?

"Benchi si la wezi," Mama Nuru akasema. Ni mwanamke mfupi, haongei mara nyingi. "Shaweji alikuwa mwizi? Mbona yeye hamkumwombea achomekwe wa mwisho?"

"Wewe nyamaza, ulikuwa humpendi Shaweji," mtu mmoja akadakia.

"Nilikuwa simpendi. Nilimwona akifa hata hivyo."

Taa zote zilikuwa manjano. Manjano ile inabakiza saa mbili kamili kabla ya mashine kuzimika, tangu mstari unapoanza, hatuna ya ziada, na mabishano yalikula dakika kumi. Aliyeyamaliza ni shangazi mwenyewe. Alivua kanga ya juu, akaikunja mara nne, akaenda akalala kwenye benchi, kichwa kikaegemea kanga.

"Msile dakika za watu," akasema. "Nani anashika mfuko?"

Hakuna aliyejitokeza. Mfuko ni wa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye amelala.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Mimi ni mwembamba. Shaweji alikuwa akiniita kijiti cha mchicha. Nadhani shangazi aliitazama mikono yangu, akajipa moyo au akaupoteza, sijui. Akafumba macho, akayafumbua tena kabla sijafunga mpira wa mfuko kwenye tundu la koo lake.

*

Nilipozima mashine, kifua chake kilishuka na hakikupanda. Nikaminya. Kikapanda. Mzee Mchinjita alisimama chini ya saa ya ukutani akitaja dakika kwa sauti kama anayenadi.

"Moja."

Mtu aliye kwenye benchi haongei, hewa haipiti kwenye sauti. Anaongea kwa macho. Shangazi alikuwa ananiangalia mikono tu. Kompyuta ndogo ya fundi Kandulu, iliyoshika nakala safi, ilikuwa inasogeza mstari wake wa kijani taratibu, taratibu, kama konokono.

"Saba."

Mabega yalianza kuwaka. Jasho likaingia machoni, sikuwa na mkono wa kulifuta.

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Nilikuwa nasubiri dakika ya kumi na tano. Nataka niseme ukweli: niliingoja kama mtu anavyongoja mvua anayoiona inakuja. Nilijua mikono yangu itakufa pale, kama mikono yake ilivyokufa, na mimi nilikuwa mwembamba mara mbili kuliko yeye. Yeye anayetwanga mpunga wa kambi nzima, kidogo kidogo, tangu asubuhi mpaka jioni. Nilijiambia ikifa, imekufa. Nitalia naye kama alivyolia na mimi, mkeka ni uleule.

"Kumi na tano."

Ikauma. Haikufa.

"Kumi na sita."

Ikauma vilevile, si zaidi. Nikaminya na kuminya. Ndipo nikaelewa, na nilielewa kwa mikono kabla ya kichwa. Maumivu yanafika mahali yanakaa. Mtu anaweza kuendelea nayo. Mtu mwenye mikono ya kutwanga anaweza kuendelea nayo mpaka kesho.

Nikainua macho kutoka kwenye mfuko, nikamtazama usoni. Alikuwa ameshaacha kuitazama mikono yangu. Alikuwa anayatazama macho yangu, na alijua ninachokijua.

Nikaacha kuminya.

Nilihesabu mpaka nane. Vidole vyake vikashika ukingo wa benchi. Nilihesabu mpaka kumi na mbili. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya jivu. Mzee Mchinjita akageuka kutoka kwenye saa. "Somoe? Umechoka?"

Neno lenyewe lilikuwa tayari limeandaliwa. Nilikuwa nadaiwa kuitikia kwa kichwa tu, na hakuna mtu katika mstari ule ambaye angenilaumu.

"Bado," nikasema, nikaminya.

Dakika sita zilizobaki sikumwangalia tena.

*

Taa ikawaka kijani. Mashine ikavuta pumzi yake ya kwanza kwa ule mlio wa kufungua kopo. Nilifungua mpira kooni, nikaketi sakafuni kando ya benchi. Midomo yake ilikuwa karibu na sikio langu.

"Haikuchoka," nikamwambia. "Mikono yako siku ile."

"Haikuchoka."

Hakungoja nimuulize kwa nini.

"Alicheka," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, inajifunza upya. "Amegusa cha nje na anacheka, na wote wanacheka naye. Angeamka akiwa mzima, kesho yake ingekuwa mchezo. Kila mtu na kadi yake. Ningewazika arobaini kama Nandala. Nikaona bora mmoja."

"Na wale watatu wa kabla yake?"

"Hao nao. Na walioamka, niliwaamsha. Nilikuwa napima, mwanangu. Ni lazima mtu mmoja awe anapima." Akavuta pumzi. "Ulipaswa kuniacha pale ulipoacha. Nilikushukuru, ujue? Nikasema, mtoto ameelewa kazi. Halafu ukaminya. Sasa wameona mwenyekiti amegusa, amedanganya, na ameamka. Nani ataogopa tena?"

Nilikuwa natafuta ndani yangu mahali pa kumchukia, na mahali palikuwapo.

Mama Nuru ndiye aliyetoka kwenye mstari. Alikuja mpaka kwenye benchi, akasimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Na mimi," akasema. "Leo. Mwanangu alikuwa na kadi ya video ya harusi yake. Nilitaka kuisikia sauti yake tu. Ningekujibu vya ndani, Somoe. Nilikuwa nimeshaliweka mdomoni."

Nyuma yake mtu akakohoa. "Mimi redio. Nusu saa."

"Simu ya kaka yangu. Nilimpa chaji, kama mwenyekiti."

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kama darasani mwalimu akiuliza swali ambalo wengi wanalijua. Mzee Mchinjita, yuleyule aliyetaja dakika, ndiye aliyeinua wa kwanza, bila kunitazama. Hapo nikajua kwa nini mstari ulikuwa umetulia. Nilihesabu tisa, pamoja na wale watatu waliosema. Kuhusu siku zilizopita sikuuliza. Sikuthubutu.

Nikaangalia saa. Zilibaki dakika themanini na nane, na kumwosha mmoja ni ishirini na mbili. Kwa hesabu hiyo darasa la saba linatosha.

"Wanne," shangazi akasema kutoka kwenye benchi. Naye alikuwa amehesabu. "Wanne kati ya tisa. Haya, mwanangu. Pima."

"Shuka, shangazi."

"Mchinjita anajua kuendesha meza. Yule Halifa aliyeinua mkono ana watoto watatu. Anza na wale ambao kambi haiwezi..."

"Nimesema shuka. Benchi linahitajika."

Akashuka. Hakuna aliyempa mkono. Aliokota kanga yake na kwenda kukaa chini ya saa, taa yake ya kijani ikiwaka peke yake katika chumba kile chote.

"Nitawaosha kwa kufuata mlivyosema," nikawaambia. "Aliyesema kwanza anaoshwa kwanza. Sitachagua kwa kingine chochote, msiniombe. Wazima wasimame ule upande, wachomekane mezani wenyewe sasa hivi. Mama Nuru, lala."

Mama Nuru akalala. Wa redio akasogea nyuma yake. Wa simu ya kaka akafuata. Wa nne alikuwa mzee Mchinjita, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

Wa tano alikuwa Chande. Alihesabu kwa vidole mara ya kwanza, akahesabu tena akianzia upande wa pili, labda jibu lingebadilika. Kisha akakaa chini taratibu, mgongo ukaegemea ukuta, akaanza kufunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Ile suruali," akasema. "Ningeipokea tu."

Nikauchukua mfuko.